Pembe Nilizozikwangua

Nchelenge, Rodesia ya Kaskazini
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Petro,

Shikamoo. Mkono wako umepona? Na kikohozi cha mtoto? Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu nipate habari ya kifo cha mama, chakula hakipiti vizuri.

Barua yako ya pili imenikuta hapa misheni, ninakokamua ng'ombe wachache wa mapadre. Unasema ng'ombe wa mama ana mwaka wa pili hashiki mimba, ingawa pembe zake zina pete tano tu, moja kwa kila ndama, na kwamba dada Veronika anayemkamua ndiye aliyemfunga kizazi kwa uchawi. Unasema mavuno yakiisha atatoka katika nyumba ya mama. Kaka, subiri unisikilize.

Hapa tuna jike mmoja aliyekaa na dume mwaka mzima bila kitu. Daktari wa mifugo alipofika, aliingiza mkono nyuma mpaka karibu na bega, akapapasa. Akaniambia vifuko vya mayai vimesinyaa. Kuna kitu katika damu, alikiita homoni, ambacho kichwa hukituma kuyaamsha mayai. Ng'ombe akizeeka, kichwa huita, lakini mayai yaliyobaki ni machache na hayaitiki kama zamani. Hata joto la kutaka dume likija hupita upesi, dume asijue.

"Hakuna aliyemdhuru," alisema. "Ni miaka."

Mama Kabwe, anayetuletea samaki, alikuwa amesimama hapo na beseni lake. "Ngombe yenu iko na mambo mingi, ndugu," akasema. "Samaki yangu haina muzee. Inazala mpaka siku ya kuingia mu wavu."

Wote wakacheka, hata daktari. Mimi nilikuwa nawaza pembe za ng'ombe wa mama.

Wakati ule wewe ulikuwa kwenye mkonge, Tanga, na Veronika alikuwa bado kwa mumewe. Mama alitaka kumuuza ng'ombe huyu anunue bati. Nikazikwangua pembe kwa kipande cha chupa, nikazipaka samli, ili pete za uzazi zionekane chache. Mnadani mnunuzi alimfungua mdomo, akatazama meno, akaenda zake. Mama alicheka njia nzima. "Umempa usichana, mwanangu, ukasahau meno."

Pete zilikuwa kumi, kaka. Tano nilizifuta mimi, na kwa aibu sikumwambia mtu zaidi ya mama.

Mtazame meno, utaona yalivyolika. Ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi.

Nisalimie shemeji Agata, ambaye kande zake nazikumbuka kila Jumamosi, na baba mdogo, mpiga kengele wa kanisa. Barua hii isome mbele ya wazee wote waliokusikia ukimtaja Veronika. Lakini kabla yao msomee yeye, pale pale katika nyumba ya mama, ili aache kufunga mizigo.

Ndimi mdogo wako mwenye kosa,
Yohana