Maharage ya Chiwanda

Jumanne, 1 Agosti 1995

Mbamba Bay. Mwera unavuma tangu alfajiri. Mchanga mpaka kwenye kopo la sukari.

Mzee Mansuetus kanipa kazi mpya. Juu ya kutandika vitanda vya gesti na kuandika majina ya wageni, sasa mimi ni mwandishi! Kuna mgeni alisahau kitabu chake cha safari, kinene, dunia nzima imo. Sisi tumepewa mistari mitatu: barabara mbaya, gesti moja, hakuna cha kuona. Mzee kakasirika kana kwamba ametukaniwa mama yake. Anasema gesti sasa ni mbili, biashara imeruhusiwa, basi tujiandikie wenyewe. Kurasa mbili tu. Moja ushauri kwa msafiri, nyingine vyakula vya asili. Atampata mtu Songea wa kuzigeuza Kiingereza na kuzichapa.

Halafu, kama mtu anayeagiza chumvi, akasema nitazipeleka mimi Nkhata Bay, ng'ambo ya ziwa kule Malawi, kwa meli ya tarehe 18, niziache kwenye gesti za kule.

Nkhata Bay! Baba yuko kule. Mama amesema hivyo miaka yote kumi na saba. Sikumwambia Mzee. Nilimwaga chai.

Alhamisi, 3 Agosti

Ushauri umeniwia rahisi. Ukitoka Mbinga panda lori la asubuhi, kaa upande wa mlima, usichungulie korongoni. Maguu kuna baridi, nunua sweta ya mtumba sokoni kabla ya kupanda. Huko wanalima kahawa mlima mzima, lakini ukibisha hodi utapewa chai. Usiwaulize kwa nini, mimi nimelelewa na mtu wa huko na sijui. Ukikutana na mtu mzima sema Shikamoo kwanza ndipo uulize njia, la sivyo utaelekezwa njia ndefu.

Mzee kacheka hiyo ya mwisho. Kasema ibaki.

Jumamosi, 5 Agosti

Vyakula. Maguu nimeandika maharage, viazi, togwa. Kwetu Chiwanda nimeandika: "Chakula cha asili ni ugali wa muhogo kwa maharage."

Nikamsomea Mama Gertruda, mpishi wetu, mtu wa Lundo. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mkaa. Maharage! Chiwanda! Watu wanaoamka na dagaa na kulala na mbasa!

Nikamwambia kwetu ndivyo tunavyokula. Mama ni Mmatengo wa Maguu, harufu ya samaki inamshinda. Na mimi samaki hawapatani na tumbo langu tangu utotoni.

Akauliza nani kanieleza habari ya tumbo. Mama. Je, niliwahi kuumwa? Nikafikiri. Sikumbuki hata siku moja. Aibu gani hii, mtu mzima hajui tumbo lake!

Hapo akaacha kucheka. Akauliza baba yangu nani. Raimundi, nikasema, yuko Malawi. Akageukia sufuria zake. Akanituma nje kununua mkaa, na gunia limejaa.

Jumapili, 6 Agosti

Baada ya ibada Mama Gertruda kanishika mkono, tukakaa nyuma ya kanisa.

Kasema hivi. Agosti ya 1978, mwera kama huu, watu watatu walivuka na mtumbwi kwenda kununua sabuni na chumvi ng'ambo. Mtumbwi ulikutwa umepinduka karibu na Lundo. Kaka yake ndiye aliyeuvuta ufukweni. Miili miwili ilipatikana ikazikwa. Wa tatu hakupatikana. Wazee wakaenda kumwambia Mama akalie matanga. Mama akawauliza nani kamwona. Hakuna aliyemwona. Basi amefika Malawi, akasema, na akawafungia mlango.

Nikamwuliza, na samaki? Akanitazama kwa huruma, huruma ambayo siitaki. Kasema, "Mwanangu, kwetu aliyepoteza mtu ziwani haonji samaki mpaka mtu wake azikwe, au akaliwe matanga bila mwili. Wengine hukaa wiki. Mama yako yuko mwaka wa kumi na saba."

Nina hasira. Kila mtu wa pwani hii alijua, mimi tu nilikuwa nakula maharage kama mjinga.

Na jambo moja halinitoki. Kama yuko Malawi, maharage ya nini?

Jumatano, 9 Agosti

Sijaandika kitu. Mzee anadai ukurasa wa vyakula. Nimemwambia naumwa tumbo — na mimi nimejifunza kwa Mama.

Jumamosi, 12 Agosti

Chiwanda. Nimemkuta Mama anapeta muhogo. Shikamoo Mama. Marahaba. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayasahau yote. Nikauliza tu, Mama, Baba yuko wapi?

Kasema, umeongea na watu. Akaendelea kupeta. Ungo ulikuwa mtupu, bado anapeta.

Baadaye ndipo akasema. Nikila samaki, nimemzika. Nikiacha kula, bado namngoja. Ulitaka nichague lipi, na wewe una miaka mitano, unaulizia baba kila jioni? Nikamwuliza kwa nini kunidanganya habari ya tumbo. Kasema mtoto hashiki mwiko bila sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kubwa kuliko mimi, basi akanipa ndogo.

Nilitaka kumkasirikia. Sikuweza. Nililia, yeye hakulia.

Nikamweleza habari ya meli. Kakataa papo hapo. Ziwa limeshachukua mmoja kwenye nyumba hii.

Limemchukua, Mama? Nikauliza hivyo kwa sauti. Bora ningenyamaza. Akaingia ndani, na mimi nikashika njia ya kurudi bila kuagwa.

Jumatatu, 14 Agosti

Mzee anataka mstari wa maharage ufutwe, wageni watatucheka. Nimegoma. Nimeongeza chini yake samaki, magege wa kuchoma na mbasa wa mchuzi, lakini maharage yamebaki. Kuna nyumba inayokula hivyo, nimemwambia, na mimi nimezaliwa humo. Mama Gertruda kasema, Mzee, liache hilo. Mzee kaliacha bila kuuliza.

Safari nitakwenda. Kwa baraka za Mama au bila — hapana, bila siwezi. Sijui.

Alhamisi, 17 Agosti

Mama kaja! Kashuka kwenye lori la muhogo saa nne asubuhi, amevaa nguo za kanisani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilijua kaja kunizuia. Nilishaandaa ubishi.

Kasalimiana na Mama Gertruda, akakubali chai, akanywa yote. Kisha kasema, wewe unawaandikia wageni karatasi za kuwaonyesha njia. Niandikie na mimi moja. Utaisoma kanisani kule, na sokoni, na kwa wavuvi.

Nikachukua karatasi. Yeye anasema, mimi naandika.

Anaitwa Raimundi. Ni mrefu. Mkono wa kushoto hana kidole cha mwisho. Anaongea polepole, usimkatishe. Anaimba besi. Akicheka anafunika mdomo.

Mistari sita. Zaidi ya jina, sijawahi kupewa hata mmoja katika maisha yangu! Niliandika haraka asije akabadili nia.

Kisha akasema, "Alikuwa ananitania, ati sisi wa milimani tunaogopa maji."

Nikanyanyua kalamu. Alikuwa. Nikamngoja aseme, futa, sivyo. Alikuwa anatazama mikono yake.

Akauliza, umeandika? Bado, Mama. Andika basi, kasema. Andika kama nilivyosema.

Sasa yuko nje, nasikia anamwuliza Mama Gertruda meli inaondoka saa ngapi kesho. Karatasi iko mbele yangu. Nimeandika A, nikasimama. Mpaka hapo "ana" na "ali" ni sawa tu. Mama anarudi, nasikia kandambili zake, na herufi ya pili —