Nimeinyamazisha Rili Yako

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyoni, na umgawie shemeji fungu lake kabla hajalidai. Sisi huku tu wazima, ukiliacha goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajiamulia lenyewe lini tusimame. Wewe je, hujambo? Kifua kimetulia? Na wale kuku wanaolala jikoni kwenu kana kwamba wamepanga chumba, bado wapo? Najua barua hii atakusomea binti yako. Basi na yeye nampa salamu, na namwomba asome polepole, asiruke mstari hata mmoja. Kuna mahali atatamani kuruka.

Ulipoituma rili yako kwa mkono wake, uliuliza jambo moja tu: bado ni nzima? Ikiwa nzima, utarudi mtoni. Ikiwa imekufa, utampa yule mwenye duka anayekusumbua aiweke dirishani kama pambo, na wewe ukae kibarazani uwe mlinzi wa kuku. Nikajiona mtu mkubwa kuulizwa. Mimi samaki nawafahamu wakishakaangwa, lakini mashine ni mashine, nikasema, hata kama hii ni ya kukunjia mshipi wa wavuvi wenye nafasi, wale wanaorusha ndoana zilizofungwa manyoya ili samaki adhani ni mdudu. Yule mhandisi uliyemwongoza juu ya mawe miaka yote ile hakuwa mjinga kukuachia wewe rili hii magoti yalipomkatalia kushuka mtoni.

Haya, sikiliza ukaguzi wangu. Mwili wake umechongwa kutoka pande moja la alumini, hauna kiungo wala ribiti. Nimeupitisha ukucha kila pembe nikitafuta mahali ambapo fundi wake alichoka, sikupaona. Uzito wake ni kama kikombe kitupu. Nimeitikisa sikioni, hakuna kilicholegea ndani. Ukiizungusha kwa kidole inakwenda mpaka wewe ndiye unayechoka kuitazama. Mikwaruzo ipo, lakini ya juu juu, kama ya sufuria la mtu anayepika kweli.

Breki haikupimika mezani. Nikamwita jirani yangu kinyozi, yule asiye na unywele hata mmoja na bado watu wanamkabidhi vichwa vyao. Nikafunga mshipi nyuma ya baiskeli yake, nikamwambia leo wewe ndiye samaki, kimbia. Akashuka na kichochoro kwa kasi, taulo la wateja likipepea begani, nami nikikaza kitufe cha breki kidogo kidogo. Breki haikushtuka wala haikuteleza. Ilimvuta nyuma kwa upole, kama mke anayemshika mumewe shati asiingie kwenye ugomvi. Mwishowe alikuwa amesimama juu ya pedali, jasho linamtoka, na baiskeli haisogei. Nakuapia, sijawahi kushika kitu kilichotengenezwa vizuri namna hii.

Ila muda wote huo ilikuwa inapiga kelele. Krrrrr, kichochoro kizima. Watu wakatoa vichwa madirishani. Kinyozi aliporudi, akihema, aliniuliza mbele yao mimi ni fundi wa namna gani, ninayesifia mashine inayolia kama geti lisilojua mafuta. Wakacheka. Mimi, mdogo wangu, ambaye kazi yangu ya pili baada ya cherehani ni kucheka watu, nikachekwa mimi.

Unanijua. Tangu ujana nimetengeneza cherehani, na kwenye cherehani kelele ni ugonjwa. Ikilia, imekosa mafuta au kuna jino limeota vibaya. Nikaifungua rili yako. Kweli nikakuta humo kijino kidogo cha chuma kinachosukumwa na springi kwenye meno ya gurudumu. Nikasema, mwizi ndiye huyu. Nikakibana kwenye jiliwa, nikakipiga tupa mpaka ncha ikaisha, nikapaka grisi, nikafunga. Ikazunguka kimya kama kivuli. Nikampitishia kinyozi chini ya pua yake.

Binti yako alipokuja kuichukua, aliizungusha mara moja, akainamisha kichwa. Akaizungusha tena. Akaniuliza, baba mkubwa, mbona imenyamaza? Nikamwambia kwa majivuno kwamba nimeitibu. Hakucheka. Alikaa kwenye ile stuli ya wateja, akanieleza yale aliyotaka kunieleza siku ya kwanza, nilipomkata kauli nikamwambia asinifundishe kazi. Kwamba huoni tena mshipi. Kwamba hata mto wenyewe unauona kama ukungu unaotembea. Kwamba sauti ile ndiyo inayokuambia samaki amekimbia, ameelekea wapi, amechoka au anakudanganya. Swali lako halikuwa la breki wala alumini. Ulitaka kujua kama bado inalia sawasawa.

Kilichonikata zaidi ni kwamba kila mtu alijua habari ya macho yako. Shemeji anajua, majirani wanajua, mwenye duka anajua ndiyo maana anakufuata. Nikamuuliza binti kwa nini mimi sikuambiwa. Akatazama sakafu, akasema baba aliogopa utamfanyia mzaha.

Mdogo wangu, nimekuita Miwani tangu tukiwa watoto. Nilikuita hivyo shuleni, nikakuita hivyo siku ya harusi yako, mbele ya wakwe. Nilikuwa nadhani unacheka pamoja nasi.

Hapo ningepaswa kusema ukweli, na sikusema. Binti, usiruke hapa. Nilimwambia rili za bei hii hunyamaza zikiwa kavu, na kwamba ikionja maji ya mtoni italia. Nikamwambia aniachie kidogo nimalizie ukaguzi. Akaniamini, kwa kuwa mimi ni baba yake mkubwa na ni fundi, akarudi kwako na habari njema. Nasikia umekwisha kutia viatu vyako vya mtoni mafuta. Ulikuwa uongo, nawaambia nyote wawili. Hakuna maji ambayo yangeirudishia sauti. Niliiua kwa tupa yangu, kwa sababu ya kicheko cha kinyozi.

Baada ya hapo sikuweza kufanya kazi ya mtu mwingine. Nimevunja mguu wa kubania kitambaa wa cherehani yangu mwenyewe, chuma kizuri cha zamani, nikachonga kijino kipya. Cha kwanza kilikwama, cha pili kilikatika. Hiki kilichomo sasa kimekubali. Nilimrudisha kinyozi kwenye baiskeli, naye safari hii sikumwambia chochote cha kuchekesha. Nikafumba macho. Nikamsikia anavyoondoka, nikasikia aliposita penye dimbwi, nikasikia alipogeuka. Nilibaki nimefumba hata baada ya yeye kusimama.

Lakini sauti si ile. Hii ni nzito, ina mkwaruzo, inakoroma kama mimi. Binti ataikuta rili kwenye kifurushi hiki pamoja na barua. Sina haki ya kukuambia ni nzima. Mkaguzi ni wewe. Iweke sikioni uizungushe, na ukiona haifai, sema haifai, hata kwa matusi, nami nitachonga kingine mpaka chuma kiniishie. Ikikufaa, nitumie neno siku utakayoshuka mtoni. Nitakuja nikushike mkono kwenye mawe, na nitafunga mdomo wangu, ili usikie.

Mbusu shemeji paji la uso. Kuku wasalimie kwa mbali. Binti, ahsante kwa kusoma mpaka hapa, na unisamehe.

Mimi kaka yako, mwenye haya,
Fundi Cherehani