Redio Imekwenda Bondo

Kisumu, Jumanne, 11 Desemba 1990

Baba Akinyi,

Wametua salama, wote saba. Nilitaka uwe wa kwanza kuambiwa.

Ndugu yako Ochieng alifika asubuhi kutoka Bondo kuchukua redio. Wazee walipogawa vitu vyako walimpa yeye, na sikupinga. Lakini chombo cha wanaanga kilikuwa bado angani, nami nilikuwa nimeanika mawe ya redio juani tangu jana ili yapate nguvu.

Nilimwomba asubiri watue. Akacheka. "Shemeji, hao wazungu watakuja kukupalilia shamba?"

Nikampa chai. Mimi sikugusa kitu. Unajua tulivyozoea, hatuli mpaka watue, tangu kile kingine kilipolipuka na wewe ukawalilia wale watu kama ndugu zako. Ochieng akaniuliza kama naumwa, nikamweleza. Akasukuma kikombe chake kando, akakaa nami kusikiliza ile sauti ikija na kupotea.

Mtangazaji aliposema magurudumu yamegusa ardhi, Ochieng alipiga makofi. "Haya, wamefika kwao. Sasa kula, Mama Akinyi." Tukala.

Kisha akaifunga redio kwa leso, akaenda nayo. Nilidhani labda angeniachia. Hakusema, nami sikuomba mara ya pili.

Wengine wakirushwa sitajua. Naogopa hilo kuliko nilivyofikiri. Nyumba imenyamaza sana jioni hii.

Huko uliko, ukiwaona wakipita, nikumbuke.