Boga Nililolipasua

Mume wangu,

Hatujambo. Jina lako dada yako ataliandika kwenye bahasha, maana mke hataji jina la mumewe. Mpunga umeshaingia ghalani, na mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Jumanne nilikosa mboga, likabaki lile boga la juu ya paa. Najua kwetu boga ni kifungua mimba wa nyumba, na kisu cha kwanza hupigwa na mwanamume; mwanamke akilipasua ni kama amemuua mwanawe. Lakini wewe uko huko kwenye matanuri ya matofali, na wanaume wote walikuwa mashambani. Nikasema, nani ataniona? Nikalipasua.

Ndani, mbegu zilikuwa zimeota. Machipukizi meupe yamejikunja kama vidole vya mtoto, mabichi kabisa, na kisu changu kilikuwa kimeyakata katikati. Nikapiga kelele.

Mama yako akaja mbio. "Wee mwanamke, umefanya nini? Ulishindwa kungoja hata mwanamume mpita njia?"

"Mama, njaa iliniuma."

"Njaa! Wali na chumvi havikukutosha?" Kisha akaona mkono wangu ulivyokimbilia tumboni. Akalifunga boga kwenye kitambaa cheupe, akaenda kulizika nyuma ya nyumba. Hajanisemesha tena.

Nilitaka ukirudi ujionee mwenyewe tumbo hili, lakini sasa naogopa kungoja. Nina mimba ya miezi sita. Kila asubuhi nikiwasha moto, mtoto alikuwa akicheza. Leo ni Ijumaa. Tangu Jumanne hajacheza.

Njoo. Tajiri akikunyima ruhusa, toroka.

Mkeo,
Phirantin