Kadi Sitini na Tatu

Ijumaa, 8 Juni 1979

Muhuri. Karani wa uandikishaji aliuinua juu, akaushusha kwenye kadi ya kura ya Wanza – dwaf! Mpira juu ya karatasi, hakuna zaidi, lakini tangu asubuhi nausikia. Wanza ana miaka hamsini na kitu. Alirudi nyuma nusu hatua, kisha akamwomba karani apige tena. Karani akamwambia, mama, kura ni moja.

Tangu Aprili Shirika letu la akina mama lilikuwa limeandikisha wapiga kura wawili: Bi Gertrude, mwenyekiti, na mimi, msaidizi wake wa ofisi. Mimi nilijiandikisha nyumbani Werugha, nilipopanda milimani kufuata viazi.

Si kwamba hatukufanya kazi. Tulibandika mabango mia tatu hapa Voi, yote kwa Kiingereza. Wafadhili nao lazima waelewe walichofadhili. Kwenye picha kuna mama analima na viatu vya kisigino. Tukafanya na semina, hotelini, kuchunguza kwa nini mwanamke wa kijijini hajali kura. Saa tatu nzima. Tukaafikiana kwamba ni ujinga. Aliyetuletea chai ni Wanza, mwanamke wa kijijini. Hakuna aliyemwuliza.

Nilimwuliza mimi, jikoni. Akasema: "Nikishinda kwenye foleni ya karani, maji atanichotea nani? Wewe?"

Basi. Utafiti umekwisha.

Akanipeleka kwa Katuku, kiongozi wa mwethya yao, kundi la kulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Katuku alisikiliza, akatema mbegu ya ukwaju, akasema wiki hii hatulimi shamba la mtu. Kila siku, watu kumi waende kwa karani. Wengine wawachotee maji na kuwaangalizia mbuzi. Hakuuliza haki ni nini wala katiba ni nini. Aliuliza ni madebe mangapi ya maji.

Leo wamemaliza. Sitini na tatu.

Jumanne, 19 Juni

Bi Gertrude amefurahi sana. Kumbe semina ilizaa matunda! Anataka picha ya kadi zote pamoja, ipelekwe kwa wafadhili.

Nilidhani Katuku atakataa. Hakukataa. Sufuria yao kubwa, majembe, mashuka ya msiba, vyote hukaa katika sanduku moja, na hakuna anayesema hiki changu. Kadi kukaa pamoja lilikuwa jambo la kawaida kwake. Alizileta zimefungwa ndani ya leso. Nikatia sahihi: nimepokea kadi 63. Nikamwambia zitarudi keshokutwa. Mimi ndiye niliyesema. Kwa mdomo wangu.

Mpiga picha alikuja. Bi Gertrude alizishika kama karata. Kisha zikaingia kabati la chuma, zikafungiwa.

Jumatano, 24 Oktoba

Keshokutwa ile haijafika bado. Miezi minne. Kila nikiuliza, Bi Gertrude ananiambia kadi za watu hazichezewi. Nami nimeuliza kwa adabu, kwa sauti ndogo. Katika kabati hilohilo iko barua yangu ya sifa ya kwenda chuo Nairobi, anasubiri nafasi ya kuisaini. Sijifichi hapa: ndiyo maana sauti imekuwa ndogo.

Leo shemeji yake alikuja, Silvanus, mpiga debe mkuu wa mgombea mmoja wa ubunge, mwenye pikapu. Alikalia meza yangu, juu ya bango la viatu vya kisigino.

"Shemeji, wale mama zako wako?"

"Wako wote. Kabatini."

Wakacheka. Mpango ni huu: siku ya kura pikapu itawachukua akina mama mlangoni kwao, na kila anayepanda anakabidhiwa kadi yake humo garini, pamoja na kukumbushwa jina la mgombea. Asiyepanda, hana kadi.

"Si ni usafiri tu, binti?" Bi Gertrude akaniambia. "Wafadhili wanapenda idadi kubwa ya waliojitokeza."

Shirika halina upande. Imeandikwa kwenye bango, kwa Kiingereza.

Jumanne, 6 Novemba

Katuku alikuja ofisini kwa miguu. Bi Gertrude akampa soda, akamsifu kuwa mfano kwa wilaya nzima, akamwambia kadi zitakuja na gari siku ya kura. Katuku akanywa soda yote. Alipofika mlangoni akanigeukia mimi, si yeye.

"Mwanangu, jembe nikikuazima, hukai nalo mpaka mvua ipite."

Nilisema shikamoo. Ndilo neno lililotoka. Miaka kumi na mitatu ya shule.

Jumatano, 7 Novemba

Kabati lina funguo mbili. Mmoja ni wangu.

Alhamisi, 8 Novemba, bombani

Naandika nimekalia debe la Wanza. Mbele yangu kuna madebe kumi na manne, na yote nayalinda mimi.

Jana saa kumi alasiri, Bi Gertrude akiwa mkutanoni, nilifungua kabati. Nilitoa kadi, nikaandika kwenye kitabu: zimechukuliwa na wenyewe. Nikatia jina langu lote, na la baba. Barua yangu ya sifa niliiona. Bado haijasainiwa. Niliiacha palepale, ndani ya faili lake, na ufunguo wangu juu yake.

Katuku alizigawa yeye mwenyewe, kwa jina, moja moja. Hakunishukuru. Alinipa zamu.

Leo ni siku ya kura, wanakwenda kumikumi, kama Juni. Wa kwanza wamesharudi, wanatembea polepole kuliko walivyoondoka. Wanza yuko ndani ya kituo sasa.

Pikapu imesimama ng'ambo ya barabara, tupu. Bi Gertrude yumo mbele, hashuki, anatazama kioo cha mbele kana kwamba ni dirisha la benki. Silvanus ameshuka.

"Binti, kadi ziko wapi?"

"Ziko kwenye foleni."

"Na wewe hapa unafanya nini?"

"Nahamasisha."

Akina mama wawili nyuma yangu wakacheka. Silvanus amerudi kwenye gari, wanasemezana. Anarudi tena, naona, na safari hii Bi Gertrude naye amefungua mlango.

Kadi yangu iko mfukoni. Ni ya Werugha, hapa haifai kitu. Basi la kupanda Wundanyi, njia ya kwetu Werugha, lilipita saa nne, na leo ni hilo moja. Dereva ananijua, alipunguza mwendo. Nilimpungia mkono apite.