Nilizima Taa za Kilio Chako

Baba Neema,

Weye iko na moyo gani? Mvua mbili zimepita na hujanitokea hata mu ndoto. Mama mmoja wa Kiringye, uliyemwona mara moja tu maisha yako yote, ananiambia ulimtembelea usingizini, ukakaa, ukacheka naye. Minye niliyekushikia ngazi mpaka mabega yakaota sugu, unanipita kama mlango wa jirani. Haya. Kwa sababu hauji, nakuandikia. Mtoto wako Neema ndiye anashika kalamu, minye nasema, na nimemkataza kusafisha maneno yangu.

Tulikuzika kule mulimani bila moto wa kilio. Tulikuwa tumekimbia uasi, na wakubwa walisema moshi utaonekana, askari watapanda. Fundi wa umeme wa mji mzima akalala mu giza bila hata kijinga kimoja cha kuni.

Tuliposhuka Uvira, kwetu Rugenge, na umeme ukarudi, kaka yako Bahati akasema kilio chako kifanywe upya. "Fundi analiliwa na taa," alisema. Taa zote ziwake usiku na mchana mpaka siku ya kumaliza kilio. Sikatai, ilinipendeza. Jua linawaka inje, nyumba yako inawaka ndani, watu wanatoka mpaka Mulongwe kuja kushangaa.

Lakini Bahati akaleta na majiko mawili ya umeme, yale Wazungu waliacha walipokimbia, tupikie wageni. Yote mawili akayachomeka kwenye prizi moja ya ukutani. Fizible ikakatika. Ile singa nyembamba ya waya uliyokuwa unaniambia, "Mama Neema, hii inakufa ili nyumba isife." Akaweka ingine, ikakatika. Ya tatu, ikakatika. Halafu haikukatika tena, na minye mupumbavu nikashukuru Mungu.

Siku ya nne, asubuhi, nikasikia harufu ya samaki.

Unakumbuka zile nyumba baada ya uhuru, Wazungu wameondoka, watu wetu wanaingia, na weye unapita kukagua kabla hawajawasha? Ulikuwa unagusa kifuniko cha prizi na mugongo wa mukono, kisha unanusa. "Uvira ni pabaya kwa kazi hii," ulisema. "Prizi ikiungua inanuka samaki, na hapa ziwani nani atashtuka kwa samaki?"

Wageni walisema ndagala zinaiva. Ndagala gani? Zile sufuria nilizijaza minye mwenyewe. Ilikuwa maharagi.

Nikaenda kwenye kompteri, ile mashini inahesabu umeme wa nyumba, nikashusha mukono wake wa kuzimia. Nyumba yote ikazima, watu wako katikati ya wimbo. Wakasema nimezima kilio cha bwana yangu. Shangazi yako akaongeza kwamba sijawahi kukupenda. Nikasimamisha ngazi, nikapanda, nikabandua ubao wa dari juu ya ile prizi, waya inapopita. Ulikuwa umekuwa makaa. Wajukuu wako walikuwa wanalala chini yake.

Hapo Bahati akasema neno ambalo sitalisahau: "Munaona kazi ya mudogo wangu? Alikagua nyumba za watu, yake ikamushinda." Watu wakaanza kuangaliana, kwa sababu nusu yao wanalala chini ya waya zako. Mama mmoja akabeba mutoto wake, akasema anaenda kung'oa waya zote kwake.

Kufa, sawa, ulikufa. Hilo lingine, kuitwa fundi mubaya, hapana.

Nikafungua sanduku la fizible mbele yao. Ndani, mahali pa singa, nikatoa kipande cha spoki ya baiskeli, kimegeuka bluu kwa moto. Nikatoka inje, nikapindua baiskeli ya Bahati magurudumu juu, nikahesabu kwa sauti. Sijasoma, kuhesabu najua. Gurudumu la nyuma lilikuwa na pengo. "Shemeji," nikamwambia, "hii ndiyo waya ya mudogo wako?"

Watu wakacheka mu kilio. Bahati akacheka wa mwisho, halafu akalia kama mutoto. Alitaka tu usikose moto mara ya pili. Najua. Nimemsamehe, lakini baiskeli yake ingali inachechemea, na minye nikiisikia inapita nafurahi.

Sasa ninazunguka nyumba kwa nyumba. Nabeba kopo lako la singa nyembamba, nafunga kitenge vizuri, napanda. Nimekuta misumari mahali pa fizible. Nimekuta waya zimeungwa na kitambaa cha shati, na zingine panya wamekula ngozi yake mpaka shaba inaonekana. Mwenye nyumba akinuna, namwambia aweke mukono wake pale. Haweki.

Kuko nyumba moja tu inanishinda, kule Mulongwe, iliyoingia maji ya muto. Fizible nzuri, waya naona nzuri, lakini ukuta wa jikoni ukiugusa unauma kama waya tupu. Wenyewe wananibembeleza niseme iko sawa, kwa jina lako. Nimekataa. Nimewazimia umeme, wamenikasirikia, wakae na hasira yao. Jina lako sitaliweka juu ya kitu nisichokijua, mpaka siku watakaponilaza minye pia. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina ingine.

Lala basi, bwana yangu. Lakini ukija, usinishike mukono, usiniulize habari za watoto, hayo tutafanya nyuma, kazi ikiisha. Njoo mchana, ninapolala kidogo baada ya chakula. Anza na ule ukuta: unauma kwa nini, na nishike waya gani kwanza.

Mama Neema