Vipande Vinne vya Zege Chini ya Kitanda

MAELEZO YA SHAHIDI WA KWANZA
Kuhusu kuanguka kwa kivuli cha zege cha ukumbi wa zamani wa sinema, na kubadilishwa kwa vipande vya uchunguzi

Jina: Anafahamika kazini na mtaani kama Mama Mgongoni
Umri: Miaka 23
Elimu: Darasa la saba
Kazi: Kuosha, kuandika namba na kutunza vipande vya zege ukumbini
Makazi: Chumba kimoja nyuma ya karakana ya mabati, pamoja na mume, mtoto wa miezi tisa na bibi mzaa mama
Yameandikwa: Ijumaa tarehe 15 Machi, kuanzia saa 3:20 asubuhi

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Naomba na Nyapara aelezwe hivyohivyo.

Nimefanya kazi ukumbini miezi mitano. Aliyeniajiri ni mama mmoja mhandisi, tunamwita Mama Vipimo kwa sababu hata sukari ya chai haweki bila kupima. Anachunguza majengo ya enzi za bibi zetu, yalijengwaje na kwa nini bado yamesimama, ili yatengenezwe yasivunjwe. Anatoboa nguzo kwa mashine, anatoa kipande cha mviringo mfano wa kopo la maziwa ya mtoto, ananipa. Mimi nakiosha, nakikausha, nakiandika namba kwa rangi nyekundu, kisha naandika daftarini kimetoka nguzo ya ngapi. Mtoto yuko mgongoni muda wote, ndiyo asili ya jina langu.

Mume wangu naye yupo humo, fundi wa plasta. Kazi ya kukarabati ni ya mkandarasi, na msimamizi wake pale ndiye huyo Nyapara.

Juu ya mlango mkubwa palikuwa na kivuli cha zege kirefu, yaani paa la kukinga jua na mvua, kisicho na nguzo hata moja kwa mbele. Siku ya kwanza Mama Vipimo alitufundisha kwa ubao na tofali. Aliutokeza ubao nje ya meza, akalaza tofali kwenye ncha ya ndani, ubao ukatulia. Akasema, "Ukuta wa juu ndio hili tofali. Unakikalia kivuli kisianguke. Asiuguse mtu kabla hatujaegemeza kivuli kwa miti." Hata mimi wa darasa la saba nilielewa. Nyapara alikuwepo. Alikuwa anatafuna karanga, lakini masikio hayatafuni.

Mnamo Jumamosi tarehe 9 Machi, saa 4:10 asubuhi, Mama Vipimo alikuwa amesafiri. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ndani ya mlango mkubwa, kama hatua kumi toka kivulini. Mtoto alikuwa anaota jino, ananitafuna bega. Nilimsikia Nyapara akimwambia mume wangu, "Panda, uvunje huo ukuta wa juu. Jumatatu nataka kuezeka."

Mume wangu akasema, "Mkubwa, miti ya kuegemeza haijaletwa."

"Wewe ni fundi plasta au profesa? Kitu kimesimama miaka sitini, kitakungoja wewe ndiyo kianguke?"

"Basi tumsubiri Mama Vipimo."

"Msubiri nyumbani kwako, na usirudi."

Mume wangu alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akapanda. Ule mtazamo nimeubeba mpaka hapa kituoni.

Saa 4:35 kivuli kilishuka. Kwanza kililia kama mlango mkavu, halafu nikaona mwanga mahali ambapo palikuwa na kivuli tangu jengo lijengwe. Vumbi lilipotulia nilimwona mume wangu amekaa chini, ameshika paja, ananiambia, "Mrudishe mtoto nyumbani, asimeze vumbi." Hakujua kwamba mguu wake umevunjika sehemu mbili. Daktari anasema atatembea. Ngazi basi tena.

Nyapara hakumgusa. Alipiga simu, akageuza mgongo.

Mnamo Jumatatu tarehe 11, saa 2 asubuhi, Nyapara alisimama mbele ya mafundi wote akasema jengo ni bovu, zege lake limeoza, kilichotokea ni kazi ya Mungu, na linatakiwa kubomolewa lote. Nikaelewa hesabu yake. Jengo likiwa bovu, yeye ni msafi. Akanipa gunia limefungwa kamba. "Mama Mgongoni, katupe jalalani. Takataka hiyo."

Nililifungua jalalani. Mlikuwa na vipande vinne vya mviringo, vimekwanguliwa kwa tupa, havina namba. Kwa kweli sikushuku kitu hapo hapo. Mezani kwangu vipande vilikuwa vimetimia kumi na viwili, kila kimoja na namba yake nyekundu. Nilidhani hivi ni vya majaribio. Mimi nilikuwa nawaza kitanda. Chumba chetu kinaingia maji, na mtu mwenye mguu uliofungwa plasta hawezi kuchutama. Nikavibeba kichwani, viwili viwili, safari mbili. Bibi na jirani wakainua kitanda, nikasimamisha kipande kimoja chini ya kila mguu. Mume wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Akasema, "Leo nimehamia ghorofani."

Jumanne tarehe 12, saa 1 asubuhi, Bibi alikuwa anafagia uvunguni. Bibi ana jicho moja. Nikasikia ufagio umenyamaza. "Nani kaniletea mawe yangu humu ndani?"

"Mawe gani tena, Bibi?"

"Njoo ushike."

Nikapiga magoti, akanishika vidole akavipitisha mahali kipande kilipokatikia. Akasema ukumbi ule ulipojengwa hapakuwa na mashine ya kokoto. Walikuwa wanawake thelathini wenye nyundo, kuanzia alfajiri, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na sita. "Kokoto ya mkono ina meno, mjukuu wangu. Zege linaing'ata, haichomoki. Ya mtoni ni duara kama yai, inateleza. Tuliponda jiwe jeusi, na jeupe kidogo pale jeusi lilipopungua. Kipande cheupe kimoja kiliruka kikanitoa jicho. Jicho langu limo kwenye ukumbi ule, na wewe umelileta uvunguni."

Saa 3 nilikuwa mezani kwangu. Nilishika kipande namba 3, namba 5, namba 8, namba 11. Kokoto zote duara, laini kama peremende. Vikipimwa hivyo, jengo lingeonekana bovu. Namba zimeigizwa vizuri, hata mkia wa 5 yangu. Lakini mtu aliyetengeneza zege lile alikwenda kuchota kokoto za mtoni. Hakujua kwamba kuna bibi mwenye jicho moja anayezijua za kwake kwa vidole.

Nilimpigia simu Mama Vipimo. Akaniambia, "Usiseme, usibadilishe kitu, nakuja Alhamisi." Nilitaka kupiga kelele mafundi wote wasikie. Nikameza. Nilijiambia mwiba utatoka ulikoingilia.

Jumatano tarehe 13, saa 10 jioni, Nyapara alikuja nyumbani. Alileta karatasi inayosema kwamba mimi mtunzaji nathibitisha vipande vilivyo mezani ndivyo vilivyotolewa kwenye nguzo. Akasema nikitia saini mume wangu atapewa kazi ya kukaa getini.

Nikamwambia, "Karibu mkubwa, kaa kitandani. Kiti chetu kina mguu mbovu kama mwenye nyumba."

Akaketi. Ni mtu mnene. Mume wangu alikuwa upande wa ukutani, mtoto katikati anamvuta kifungo cha shati. Bibi alikuwa mlangoni anachambua mchele, hakuinua uso. Kitanda hakikulia hata kidogo.

Nyapara akakipigapiga. "Kitanda imara hiki, shemeji yangu."

Bibi akajibu, "Miguu yake ya zamani, baba. Haijui kuoza."

Nikamwambia aniachie karatasi, nimnyonyeshe mtoto kwanza, asubuhi nitamletea. Akaiacha. Nimeikabidhi hapa. Sikuitia saini.

Jana Alhamisi, saa 5 asubuhi, Mama Vipimo na afisa huyu anayeandika walikuja chumbani. Tulichukua kipande kimoja mpaka kwenye nguzo ya tano. Mama Vipimo akakizungusha polepole mbele ya shimo, akakisukuma. Kiliingia kama mtoto anavyorudi mgongoni. Palikuwa na jiwe jeupe lililokatwa na mashine, nusu imo kwenye kipande, nusu kwenye nguzo. Nusu zilikutana.

Watu wa mtaani wananiambia nisamehe, aliyeanguka hakufa. Mimi sikuja hapa kusamehe. Nataka Nyapara asimame mahakamani aulizwe kwa nini alimpandisha mume wangu juu huku anajua, na jibu lake liandikwe kwa herufi kubwa. Nataka afike mahali ambapo yeye ndiye anayeamriwa panda, na hana wa kumtazama. Na jengo libaki. Mama Vipimo anasema nguzo zitavumilia miaka sitini mingine, na kivuli kitajengwa upya kwa utaratibu uleule wa wazee. Mwanangu atakapotembea nitampeleka aguse ile nguzo ya tano, nimwambie hii ni kazi ya bibi yetu.

Niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatunza uvunguni mwangu ni hayo. Nimesomewa, ni yangu, sijashawishiwa na mtu.

Saini ya shahidi: (ametia saini mwenyewe)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumaliza saa 4:50 asubuhi. Shahidi alisimama mara moja kunyonyesha. Vielelezo vilivyopokelewa: vipande vinne vya zege vilivyokwanguliwa namba, vipande namba 3, 5, 8 na 11 vya mezani, daftari moja, na karatasi isiyo na saini. Kitanda cha majeruhi kimeinuliwa kwa matofali manne kutoka uani mwa kituo. Mtuhumiwa ataletwa leo saa 8 mchana. Shahidi alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema: "Akija, kabla hamjamuuliza kitu, mwambieni Jumatano alikalia nini."